Siku moja kwenye planetariamu: namna ya kutoka umejifunza, si umeshangaa tu

Swali: "Nimepata nafasi ya kutembelea planetariamu kubwa, siku moja tu, nikiwa na mwanangu wa miaka 9. Nimesoma kidogo kuhusu nyota, lakini nikitazama juu usiku sioni mpangilio wowote. Maonyesho ni mengi na sijui yanatofautianaje. Nichague lipi, nikae wapi, niangalie nini? Na je, ninachokiona mle ndani ndicho nitakachokiona nje?"

Jibu: Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. La, unachokiona ndani ya kuba, yaani dari la mviringo la planetariamu ambalo anga la nyota huonyeshwa juu yake, sicho utakachokiona nje, na wala hakuna ubaya. Picha nzuri za sayari na mawingu ya gesi unazipata hata kwenye simu. Usichokipata kwa urahisi mahali pengine ni mwendo: anga zima likizunguka juu ya kichwa chako, mwaka ukipita kwa dakika moja, nawe ukihamishwa kutoka ikweta hadi ncha ya Dunia bila kuinuka kitini. Anga halisi hufanya hayo yote, ila polepole mno kwa mtu aliyetoka nje kwa dakika 10. Ndiyo sababu huoni mpangilio. Haumo katika sura ya usiku mmoja. Umo katika namna sura hiyo inavyobadilika saa kwa saa na mwezi kwa mwezi. Basi nenda kutazama mwendo, na onyesho, kiti na maswali yako uyachague kwa kipimo hicho.

Mashine hizi zilibuniwa kwa kazi hiyohiyo. Zamani planetariamu ilikuwa mfano wa sayari unaozungushwa kwa magurudumu ya meno. Mjini Franeker, Uholanzi, mchana sufu Eise Eisinga alijenga mmoja kwenye dari la sebule yake kati ya 1774 na 1781. Unaendeshwa na saa ya timazi, milimita 1 darini ni kilomita milioni 1 angani, na Zohali yake hadi leo huchukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja, kama Zohali yenyewe. Kisha mwaka 1913 likatengenezwa Chicago tufe la chuma lililotobolewa matundu 692. Watu waliingia ndani yake, tufe likazungushwa, na nuru iliyopenya matunduni ikawa nyota. Tufe hilo, Atwood Sphere, sasa liko Adler Planetarium. Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss ndiye aliyeligeuza wazo: kuba lisimame, nyota ndizo zitupwe juu yake kwa mwanga. Watu wa Munich waliona onyesho la kwanza la namna hiyo Oktoba 1923.

Kazi yako inaanza siku 3 kabla ya safari, nje ya nyumba. Kwanza jifunzeni kupima anga kwa mkono. Ukinyoosha mkono wote mbele, upana wa kidole cha mwisho ni digrii 1 hivi, vidole 3 vya kati pamoja ni digrii 5, ngumi ni digrii 10, na shubiri iliyotanuliwa ni digrii 20 na kitu. Mtoto naye atumie mkono wake mwenyewe, kwani kiganja chake ni kidogo lakini na mkono wake ni mfupi, hivyo vipimo vinakaribia kulingana. Mwambie apime Mwezi. Wengi hudhani utajaa ngumi. Upana wake ni nusu digrii tu, kidole cha mwisho kinaufunika wote na nafasi inabaki.

Halafu chagueni nyota moja yenye kung'aa iliyo karibu na kitu kisichosogea, kama nguzo au pembe ya paa. Simama mahali palepale, saa 2 usiku kamili, uandike iko ngumi ngapi juu ya upeo wa macho. Rudi saa 3, uandike tena. Kesho yake fanya hivyo hivyo, na kama Mwezi upo, andika uko karibu na nyota gani na umbo lake likoje. Utagundua nyota imesogea kwa saa ile moja, na kwamba Mwezi, baada ya siku moja, umehama zaidi ya ngumi nzima kuelekea mashariki kati ya nyota. Usitafute maelezo bado. Kuingia ndani ya kuba na maswali 2 au 3 uliyoyaona kwa macho yako kunafaa kuliko kuingia na sura nzima ya kitabu kichwani.

Sasa maonyesho. Kwenye planetariamu kubwa utakuta aina karibu 4. Kuna filamu ya kuba iliyorekodiwa, yenye muziki na sauti ya msimulizi, ya dakika 25 hadi 40, kuhusu mashimo meusi, asili ya ulimwengu au safari za vyombo vya anga. Kuna onyesho la anga la usiku wa leo, ambalo mtu hai anaongoza kwa kipaza sauti na kugeuza mitambo kadiri anavyozungumza. Kuna la watoto wadogo. Na kuna la miale ya leza na muziki, ambalo ni burudani nzuri lakini si somo la nyota. Chukua la mtu hai. Kama siku hiyo lipo moja tu, panga siku yote kulizunguka. Filamu ni ileile kila siku, haijui uko latitudo gani wala umeona nini jana usiku, na huwezi kuiuliza kitu. Majina kwenye ratiba hudanganya, kwa hiyo ukishindwa kutofautisha, piga simu au uliza dirisha la tiketi kwa maneno haya: "Je, kuna mwongozaji anayezungumza moja kwa moja, na tutaruhusiwa kumuuliza?" Maonyesho mawili kwa siku yanatosha. La tatu hulitazami, unalala. Kiti kimelazwa, giza limetanda, baridi ya viyoyozi inapuliza, na watu wazima hukoroma humo kuliko watoto.

Fika nusu saa kabla. Kwenye kumbi nyingi mlango ukishafungwa haufunguliwi tena, na si kwa ukali wa bure: nuru ya mlango mmoja inaharibu macho ya watu 200. Jicho hujizoesha giza kwa hatua. Mboni hupanuka ndani ya sekunde, lakini seli zinazoona nuru hafifu kwenye retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea nuru, huhitaji dakika 20 hadi 30 kufikia nguvu yake yote. Mwongozaji mzuri huanza na machweo, akipunguza nuru polepole huku anaongea, ili muda huo upite bila wewe kujua. Mtu akiwasha simu kuangalia saa, yeye na jirani zake wameanza upya. Zima kabisa, usiigeuze tu kifudifudi. Mtoto mwenye viatu vya kumetameta avivue au avifunike. Maliza haja zote kabla ya kuingia na uchukue nguo ya kujitanda.

Kuhusu kiti, watu hukosea kwa kukimbilia mbele kama wako sinema. Tazama kwanza viti vimepangwaje. Kama vinazunguka ukumbi na vyote vinaelekea katikati, kuba limelala sawa na kiini chake kiko katikati ya chumba, hivyo karibu na katikati ndipo penye anga lenye umbo sahihi. Kama viti vyote vinaelekea upande mmoja na sakafu imeinama kama ya ukumbi wa michezo ya kuigiza, kuba nalo limeinamishwa, na mahali pazuri ni safu za nyuma ya kati, theluthi mbili hivi kutoka mbele, usawa wa katikati.

Sababu yake unaweza kuipigia hesabu. Chukua kuba la kipenyo cha mita 20. Ukikaa katikati kabisa, kundi la nyota lenye upana wa digrii 10 litaonekana digrii 10, liwe upande wowote. Sogea mita 8 kuelekea ukuta, na kundi hilo likiwa kwenye ukuta ulio karibu nawe litatanuka hadi karibu digrii 48, wakati kundi kama hilo upande wa pili litasinyaa chini ya digrii 6. Ukijifunza umbo la Jabari (kundi la nyota la Orion) ukiwa umekaa hapo, usiku nje hutalitambua, utadhani una macho mabovu. Na kama huwezi kupata katikati kwenye ukumbi wa mviringo, uliza kusini ya kuba iko wapi na mwongozaji ataanzia upande gani, kisha kaa upande wa pili ili sehemu hiyo iwe mbele ya uso wako, siyo nyuma ya shingo.

Ukiwa umeketi na taa bado zinawaka, angalia mtambo. Kama katikati ya chumba pana chombo chenye tufe moja au mawili yaliyojaa lenzi, hiyo ni projekta ya nyota ya aina ya kimakanika, mjukuu wa ile ya Bauersfeld. Nyota zake ni vidoto vikali na anga lake ni jeusi kweli. Kama hakuna kitu katikati, picha zinatoka kwa projekta za kidijitali zilizofichwa pembezoni, kila moja ikichora kipande na vipande vikiunganishwa. Hizi huweza kukupeleka popote ulimwenguni, lakini weusi wake una ukungu wa kijivu na nyota zake ni nene kidogo. Sababu ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha: picha yenye pikseli 4,096 kutoka upeo hadi upeo inaipa kila pikseli dakika 2.6 za tao (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii), ilhali jicho zima hutofautisha dakika 1. Zenye pikseli 8,192 zinakaribia, ila bado. Kumbi nyingine zina mitambo yote miwili kwa pamoja. Kuba lenyewe kwa kawaida ni mabati ya alumini yenye matundu madogo sana, ili sauti na hewa vipite. Ukiona michirizi hafifu kwenye "anga", hizo ni kingo za mabati.

Giza likishaingia, kuna miendo 4 ya kuwinda.

Wa kwanza ni wa siku. Mwongozaji akiharakisha saa, usifuate anga lote. Chagua nyota moja inayochomoza mashariki uifuate peke yake. Panda nayo, ione ikivuka juu, ishuke nayo. Kisha geukia upande wa ncha ya anga iliyo juu ya upeo wako, utaona nyota za huko hazizami bali zinazunguka nukta moja. Kwa kaskazini nukta hiyo ina Nyota ya Kaskazini karibu yake. Kwa kusini hakuna nyota ya kung'aa hapo, inabidi urefushe mti mrefu wa Salibu (kundi la nyota la Msalaba wa Kusini) mara 4 na nusu kuelekea upande wa mguu wake. Urefu wa nukta hiyo kutoka upeoni ni sawa na latitudo ya unaposimama. Hili nalihesabu kuwa jambo lenye thamani kuliko yote utakayojifunza siku hiyo, na mwongozaji anaweza kukuonyesha kwa nusu dakika akihamisha ukumbi. Kwenye ikweta ncha zote mbili zimelala upeoni na nyota huchomoza wimawima. Kwenye ncha ya Dunia nukta iko utosini na hakuna nyota inayochomoza wala kuzama. Zote zinazunguka sambamba na upeo kama ng'ombe kwenye kinu. Katikati ya hizo mbili, njia za nyota zimeinama, na kuinama huko ndiko kunakowachanganya watu wanaotafuta nyota waliyoiona saa 2 zilizopita.

Kama msimu unaruhusu, tumia mkanda wa Jabari kama alama. Nyota zake 3 ziko karibu sana na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, hivyo karibu popote ulipo duniani huchomoza karibu mashariki hasa na kuzama karibu magharibi hasa. Ni dira isiyohitaji betri.

Mwendo wa pili ni wa Jua katikati ya nyota, na huu ndio ambao nje huwezi kuuona hata ukeshe mwaka, kwa kuwa nuru ya Jua hutawanywa na hewa na kuzifuta nyota. Ndani ya kuba hewa inaondolewa kwa kubonyeza kitufe: Jua linabaki liking'aa kwenye anga jeusi na nyota zikiwa pembeni yake. Ukiharakisha siku, Jua linasogea karibu digrii 1 kwa siku kuelekea mashariki kati ya nyota. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nyota yako ya nguzo inawahi dakika 4 kila usiku, yaani saa 2 kwa mwezi, na kwa nini makundi ya nyota hubadilika kwa majira. Kama onyesho linafanywa mwanzoni mwa Aprili, tazama Jua liko kundi gani: litakuwa Hutu (Samaki), ilhali wapiga ramli wanasema Hamali (Kondoo). Buruji zao zilipangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na anga limeshahama tangu hapo. Pia Jua hupita kundi la 13, la Mshika Nyoka, ambalo kwenye orodha yao halimo kabisa.

Wa tatu ni wa sayari. Omba nyota zifungwe zisisogee na siku ziende mbele, macho yakiwa kwenye Mirihi. Kila baada ya miezi 26 hivi, Mirihi hupunguza mwendo, husimama, hurudi nyuma kwa miezi 2 na kidogo zaidi, husimama tena, kisha huendelea. Haikurudi popote. Dunia inaipita kwa ndani, kama gari lenye kasi linavyolipita lingine na lile la pili likaonekana linarudi nyuma dhidi ya miti ya mbali. Wanajimu wa kale walisumbuka na kitanzi hiki kwa karne nyingi. Wewe utakiona kwa sekunde 20.

Wa nne ni kuyumba kwa mhimili wa Dunia, mzunguko wa miaka 26,000 hivi. Ukibaki muda, uombe. Ncha ya kaskazini itaiacha nyota yake ya sasa, na baada ya miaka kama 12,000 itapita jirani na Vega. Ukikosa huu, hujakosa sana.

Namna ya kuomba ina umuhimu wake. Mtu anayesema "tuonyeshe kitu cha kuvutia" atapewa pete za Zohali. Sema badala yake: "Tafadhali tusogeze saa 6 mbele huku tukitazama upande wa ncha," au "Tunaweza kuondoa hewa tuone Jua liko kati ya nyota zipi leo?" Waongozaji wengi wanafurahia maombi ya namna hii, kwani wanajua mtambo wao unaweza nini na ni mara chache wanaulizwa. Ukumbi ukiwa na vikundi vya shule kibarua kinakuwa kigumu, hivyo kama una hiari, epuka asubuhi za siku za masomo.

Sasa udanganyifu wa kuba, ili usije ukakata tamaa ukitoka nje. Nyota angavu zimechorwa kwa ukubwa zaidi, wakati angani nyota zote ni nukta na zinatofautiana kwa ung'avu tu. Nyota za kuba mara nyingi hazimeremeti, na zile za upeoni hazififii, kwa kuwa kumeremeta na kufifia ni kazi ya hewa. Njia Nyeupe imeongezwa nguvu. Mawingu ya gesi mekundu na samawati yalipigwa picha kwa muda mrefu wa kukusanya nuru. Kwa jicho, hata kwenye darubini, mengi ni moshi wa kijivu, kwa sababu seli zetu za rangi hazifanyi kazi katika nuru hafifu. Idadi nayo: anga zima lina nyota kama 9,000 zinazoonekana kwa jicho tupu penye giza kamili, nusu yake ikiwa juu ya upeo kwa wakati mmoja. Kuba linaweza kukuonyesha hizo zote. Katikati ya mji wenye taa utahesabu makumi, basi. Mwombe mwongozaji awashe uchafuzi wa nuru wa mji kisha auzime. Mitambo mingi ina uwezo huo.

Udanganyifu mkubwa zaidi ni wa safari. Filamu ikikutoa Duniani ikakufikisha Neptuni kwa sekunde 10, imekwenda mara 1,500 ya kasi ya mwanga, kwani mwanga wenyewe huchukua zaidi ya saa 4. Kwenda galaksi ya Andromeda mwanga unahitaji miaka milioni 2.5, na filamu inafika kabla hujameza mate. Safari hizi pia ndizo zinazoleta kizunguzungu: macho yanasema unaruka, sikio la ndani linasema umekaa. Ikikupata, usiinuke. Tazama mgongo wa kiti cha mbele au ukingo wa kuba usiosogea, au fumba macho kwa sekunde 30. Mwenye kawaida ya kuchafukwa kwenye gari akae nyuma na karibu na njia.

Mwanao wa miaka 9 anaweza onyesho la mtu hai bila shida; la watoto wadogo litamchosha. Mpe kazi moja tu: afuate Mwezi, au ahesabu ni nyota ngapi za Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, anaziona akitazama moja kwa moja, kisha akitazama pembeni kidogo. Kwa kutazama pembeni zitaongezeka, maana seli za nuru hafifu ziko nyingi zaidi nje ya kitovu cha retina. Mbinu hiyohiyo inafanya kazi nje na kwenye darubini. Usijaribu kuandika gizani. Mkitoka tu, kabla ya kununua chochote, kaeni dakika 5 na kila mmoja aandike mambo 3 aliyoona yakisogea.

Nenda kwenye kumbi za maonyesho baada ya kuba, si kabla, la sivyo utafika kitini umechoka miguu. Usisome kila kibao. Viwili vinastahili muda wako. Kimoja ni timazi ya Foucault kama ipo. Griffith Observatory ya Los Angeles, iliyofunguliwa 1935, inayo moja maarufu. Mpira mzito unabembea kwenye waya mrefu na kuangusha vijiti vilivyopangwa kwa duara. Subirini kijiti kimoja kianguke. Watu hudhani kuna mota inayougeuza; sumaku iliyo juu kwenye waya kazi yake ni kuusukuma ubembeo usife, haigeuzi mwelekeo. Kinachogeuka ni sakafu, pamoja nawe. Kwenye ncha ya Dunia mzunguko huchukua karibu saa 24, kwenye latitudo ya digrii 30 karibu saa 48, na kwenye ikweta haugeuki kamwe. Hiyo ni latitudo yako tena, safari hii bila nyota.

Cha pili ni mfano wa mizani ya mfumo wa Jua, yaani uliopunguzwa wote kwa kipimo kimoja. Hayden Planetarium ya New York hutumia tufe lake lenyewe, la mita 26 na nusu, kama kipimo cha kulinganishia vitu. Kama unapokwenda hakuna, mfanye ninyi wenyewe nje ukumbini kwa mizani ya 1 kwa bilioni 10: Jua ni mpira wa sentimita 14, Dunia ni punje ya milimita 1.3 iliyo umbali wa mita 15 kutoka hapo, Mwezi ni doa lililo umbali wa sentimita 4 kutoka Dunia. Mshtarii ni gololi ya sentimita 1.4 umbali wa mita 78. Neptuni iko mita 450. Nyota ya jirani kabisa, kwa mizani hiyo, iko kilomita 4,000. Mtoto akishatembea mita 78 hizo, michoro ya vitabuni inayobana sayari zote kwenye ukurasa mmoja haitamdanganya tena.

Kama jengo lina darubini ya umma usiku, kaeni foleni. Usiushike mtambo, sogeza jicho hadi karibu na lenzi na usubiri picha itulie. Miwani ya kutoona mbali au karibu unaweza kuivua, kwa vile darubini hurekebisha hilo, lakini ya astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) ibaki. Zohali itaonekana ndogo kama stempu, na pete zake zitaonekana waziwazi.

Usiku huohuo au kesho yake, saa 2, rudini kwenye ile nguzo. Baada ya siku 7 nyota yenu itafika mahali pake pa zamani dakika 28 mapema. Miendo yote 4 mnaweza kuirudia nyumbani kwa Stellarium, programu ya bure ya kompyuta: weka mahali ulipo, bonyeza A kuondoa hewa, G kuondoa ardhi, L kuharakisha muda, K kuurudisha kawaida, na 8 kurudi saa ya sasa. Skrini haikuzunguki kama kuba, lakini haichoki kuulizwa.

Na ukipata nafasi ya kwenda tena, usirudi mwezi ujao. Rudi baada ya miezi 6, onyesho lilelile la anga la usiku: nyota ambazo leo zimejificha nyuma ya Jua, wakati huo zitakuwa zinavuka katikati ya anga usiku wa manane.